Chumvi haiui kila kijidudu

"Tia chumvi, vijidudu vyote vitakufa." Husemwa hivyo kuhusu ng'onda, maji ya kuoshea mboga, hata kidonda. Mara nyingi chumvi haiui, hunyima maji. Ikizidi nje ya seli, maji ya ndani hutoka kupitia utando wake, seli husinyaa na kuacha kuzaliana. Wengi husubiri tu. Ukimloweka samaki ili chumvi itoke, waliosalia huamka.

Kinachoamua ni kiwango. Kijiko kidogo cha chai, yaani gramu 6 hivi, katika lita moja ya maji ni asilimia 0.6 tu, pungufu ya asilimia 0.9 ya "dripu" ya hospitali. Hapo bakteria wanastarehe. Yule wa kipindupindu hata huhitaji chumvi kidogo, ndiyo maana huishi vizuri pale mto unapokutana na bahari. Clostridium botulinum, bakteria anayetoa sumu hatari kwenye chakula, huzuiwa kwenye takriban asilimia 10. Staphylococcus aureus, bakteria anayeweza kukaa puani mwa mpishi, hukua hata penye asilimia 15, na sumu yake haiharibiwi kwa kuchemsha chakula. Kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumpaka samaki chumvi.

Halobacterium, vijidudu wapendao chumvi nyingi, ndio kinyume kabisa: ukiwatia kwenye maji yasiyo na chumvi, hupasuka. Hao ndio huyapa mabwawa ya chumvi wekundu, na huja na chumvi ya bahari yenyewe. Madoa ya waridi yenye utelezi juu ya samaki wa chumvi ni yao. Kuongeza chumvi hakutawaondoa.