Stelingi ni nani hasa?

Ukikaa kwenye saluni ya kusuka Mwananyamala saa ya tamthilia, neno utakalolisikia kuliko jina la mwigizaji yeyote ni stelingi. "Stelingi hawezi kukubali ujinga huo." "Huyo si stelingi, huyo mpita njia tu." "Stelingi wetu wamemharibu." Wapo wanaoandika steringi, wapo wanaoandika sterling, ila mdomoni ni neno lilelile, na kila anayelitumia anaamini maana yake iko wazi. Iko wazi mpaka ubishi uanze. Nimeshuhudia watu wazima wakinuniana wiki nzima kwa ajili ya stelingi, na nilipokuja kusikiliza vizuri nikagundua hawakuwa wakibishana juu ya mtu mmoja. Kila mmoja alikuwa na wake.

Kwa asili neno ni la Kiingereza, starring, lile linalotokea kwenye kioo kabla ya jina la mwigizaji mkuu. Sisi tulilipokea tukalipa kazi nyingine. Kule linatangaza nani anaigiza. Huku limekuwa mtu kamili: stelingi kafika, stelingi wa kike, mastelingi wawili. Limetoka hata kwenye kioo likaingia mtaani, ndiyo maana kijana anayejitosa kuamulia ugomvi usiomhusu huambiwa asijifanye stelingi.

Lililolikuza hasa ni banda la video, kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, joto, televisheni moja, na juu ya sauti za filamu sauti ya mtafsiri. Dar ilikuwa na Lufufu, aliyekuwa akisimulia picha ya kigeni kwa Kiswahili hadi mtu akasahau kwamba wale waliomo hawajui Kiswahili. Anayechelewa kuingia haulizi jina la picha. Anainama asiwazibe wenzake, anajibana mwisho wa benchi, anamnong'oneza jirani: "Stelingi nani?" Jirani ananyoosha kidole: "Huyo mwenye shati jekundu." Basi, hahitaji kingine. Ameshajua amwonee nani huruma, amchukie nani na asubiri nini.

Hapo ndipo ilipo maana ya neno, na mimi sijapata iliyo bora zaidi: stelingi ni yule ambaye mtazamaji amekubali kuumia pamoja naye. Wa upande wa pili ni adui. Na baina yao kuna sheria moja ambayo kila mtoto wa uswahilini anaijua, kwamba stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atafiwa na mama yake mbele ya macho yake, lakini hafi. Tulipokuwa wadogo tukicheza picha uwanjani, wa kwanza kupaza sauti "mimi stelingi!" alikuwa amejinunulia uhai mpaka magharibi, waliobaki tulikubali kufa kwa zamu.

Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya picha ya saa mbili au tatu. Tamthilia ni kitu kingine. Aina hii ya hadithi isiyoisha ilianzia kwenye redio za Marekani miaka ya 1930, ikidhaminiwa na watengenezaji wa sabuni waliotaka kuwafikia akina mama majumbani, na ndiko lilikotoka jina lake la Kiingereza la opera ya sabuni. Mojawapo, Guiding Light, ilianza redioni mwaka 1937, ikahamia televisheni mwaka 1952, ikaja kufungwa mwaka 2009. Isidingo ya Afrika Kusini, ambayo wengi wetu tuliifuata kupitia ITV, ilianza mwaka 1998 ikaisha Machi 2020. Karibu miaka 22. Hakuna binadamu anayekaa kwenye kazi moja muda wote huo bila kuumwa, kuzaa, kugombana na bosi, kupata kazi bora zaidi au kufa. Mwigizaji naye ni binadamu, kwa hiyo siku moja stelingi ataondoka. Swali ni wataifanyaje.

Na hapo ndipo watu wanapoanza kuchanganya mambo matatu. Mhusika mkuu ni wa mwandishi: yeye ndiye aliyemweka katikati ya hadithi. Mwigizaji mkuu ni wa mtayarishaji, anayemlipa na kuliweka jina lake mbele. Lakini stelingi ni wa mtazamaji, na mtazamaji hapangiwi. Mara nyingi watatu hawa ni mtu mmoja, ndiyo maana hatuoni tofauti. Wakitengana, kelele zinaanza.

Chukua tamthilia ya Kituruki ya Sultan, kama tulivyoiita hapa Azam TV ilipoileta kwa Kiswahili. Kwao Uturuki ilirushwa kati ya mwaka 2011 na 2014, vipande 139. Mhusika mkuu kwa jina na kwa kiti ni Sultani Suleiman. Nani alikuwa stelingi? Uliza nyumba kumi za Temeke upate magomvi kumi. Hadithi inatuingiza kasri kwa macho ya Hürrem, binti mateka aliyeletwa kutoka nchi ambayo leo ni Ukraine, hana baba, hana lugha, hana hata jina lake mwenyewe. Ukianza naye pale, umeshanaswa. Utamwonea huruma hata usipotaka. Kisha mateka huyo anapanda, anazaa, anaolewa, na anaanza kuwaondoa wanaomzuia mmoja baada ya mwingine. Upande wa pili yupo Mahidevran, mke aliyekuwepo kabla yake, na mwanawe Mustafa, kijana mpole anayependwa na jeshi. Kwa anayejua ndoa ya mitala, au aliyelelewa na mama aliyeletewa mke mwenza, stelingi ni Mahidevran, na hamna cha kumshawishi. Shangazi yangu alikuwa upande wa Hürrem mwanzo hadi mwisho. Dada jirani yetu, mke wa kwanza kati ya wawili, alikuwa akimtukana Hürrem kwa jina kila akitokea, tena kwa hasira ya kweli, na mimi sikuthubutu kucheka kwa sababu nilijua hasemi na televisheni.

Kwa hiyo mtu anaposema "Hürrem ni adui" na mwingine anajibu "Hürrem ni stelingi", wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Wanakueleza wamesimama wapi.

Sultan iliivunja pia ile sheria ya kutokufa, na haikuwa na la kufanya. Mustafa wa kwenye historia alinyongwa kwa amri ya baba yake mwaka 1553. Mwandishi angeweza kumpa maneno matamu na farasi mzuri, lakini asingeweza kumwokoa. Walioizoea sheria ya kibanda umiza waliingoja hukumu ile wakiamini mtu atatokea mlangoni. Hakutokea mtu. Nakumbuka kesho yake kwenye daladala ya Mbagala abiria wawili wasiofahamiana walipeana pole.

Sasa la mwigizaji kubadilishwa, ambalo ndilo linaloleta malalamiko mengi kuliko yote. Hürrem aliigizwa na Meryem Uzerli hadi mwaka 2013, alipoondoka katikati ya kazi akisema amechoka kupita kiasi, akarudi Ujerumani alikozaliwa. Msimu wa nne ukaja na Vahide Perçin, mwigizaji mtu mzima zaidi, mwenye sura nyingine na ukimya mwingine. Kule Uturuki watu walikuwa na miezi ya kiangazi ya kulizoea wazo hilo. Sisi tuliletewa tamthilia ikiwa imeshaisha kwao, vipande vinafuatana siku kwa siku. Jana sura hii, leo sura ile, hakuna aliyekuandaa, isipokuwa wale waliotangulia kuchungulia kwenye simu na kuja kutumalizia utamu.

Wamarekani wamezoea jambo hili kuliko sisi. Kwenye tamthilia yao The Bold and the Beautiful, mhusika Ridge alikuwa Ronn Moss tangu mwaka 1987 hadi 2012, miaka 25, na mwaka uliofuata akarudi akiwa Thorsten Kaye. Jina lilelile, wake walewale, uso mwingine, na hadithi ikaendelea. Mtayarishaji ana njia chache tu mwigizaji anapoondoka: amuue mhusika, amsafirishe, au ampe mtu mwingine nafasi. Kuua kunafunga mlango. Safari inachosha, maana mtazamaji atauliza kila siku anarudi lini. Kubadilisha uso kunaokoa hadithi lakini kunaweka rehani imani ya mtazamaji.

Watu husema "huyu mpya hajakaa kwenye nafasi". Kauli hiyo inadharauliwa sana, na mimi naitetea. Anayeisema hazungumzii urembo. Amekaa na yule wa kwanza usiku baada ya usiku, anajua anavyomeza mate kabla ya kusema uongo, anajua jicho lipi linatangulia kulia. Mwigizaji mpya anakuja na mwili usio na kumbukumbu hizo. Inabidi azijenge upya, na inabidi mtazamaji amvumilie wakati anazijenga. Kuuvaa uhusika ndiyo hiyo kazi, na inachukua muda.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi kwa sababu waigizaji wetu tunaishi nao. Tangu enzi za michezo ya kundi la Kaole kwenye ITV hadi Huba na Jua Kali za Maisha Magic Bongo, unayemwona usiku kwenye kioo unaweza kukutana naye Kariakoo mchana anachagua viatu. Anayeigiza adui hutukanwa sokoni; anayeigiza stelingi hupewa mtoto ambebe. Steven Kanumba alitokea Kaole akawa stelingi wa nchi nzima, na alipofariki Aprili 2012 watu walifurika Leaders Club kumuaga, kisha makaburi ya Kinondoni kumzika. Wengi waliolia siku ile hawakuwahi kumsogelea. Walikuwa wameumia pamoja naye kwa miaka, picha baada ya picha, na mwishoni mwa kila picha walikuwa wamezoea kumwona anainuka.

Niseme na kuhusu adui, kwa kifupi, maana watu wanamsahau. Barker Haines na Cherel wa Isidingo hawakuwa watu wema hata kidogo, lakini kwetu walipokuwa hawapo tulikuwa tunaenda kuosha vyombo. Adui anayeeleweka anaweza kupendwa bila kuwa stelingi. Unamsubiri, unamfurahia, ila hutaki ashinde.

Kosa ambalo kwangu halisameheki si kumuua stelingi wala kumbadilisha uso. Ni kumbadilisha moyo bila sababu. Hiki ndicho watu wanachomaanisha wakisema "wamemharibu". Mwanamke aliyekuwa mwerevu miezi sita, hadanganyiki, anasoma mkataba mara mbili, ghafla anasaini karatasi bila kuitazama kwa sababu mwandishi anahitaji nyumba iuzwe Ijumaa. Tamthilia ndefu huandikwa na watu kadhaa kwa kupokezana, na anayeshika kalamu leo huenda hakuwepo mhusika huyo alipoapa kutosaini tena. Mtazamaji alikuwepo. Yeye hajawahi kukosa hata siku moja, na akikosa anaamka asubuhi kuangalia marudio. Hürrem alipofanya ukatili hatukusema wameharibu, kwa kuwa kila hatua ilikuwa na chanzo tulichokiona: hofu ya wanawe kuuawa mwingine akitawala. Tuliumia, lakini tulielewa.

Shangazi alipoletewa Hürrem mpya alizima sauti, akasema hawezi kukaa sebuleni na mtu asiyemjua. Siku tatu akawa anapika saa ya tamthilia, mlango wa jikoni akiuacha wazi, akituuliza kwa sauti kama ambaye hajali: "Kafanya nini sasa?" Siku ya nne tulikuwa kimya. Kwenye kioo yule mwanamke mpya alikuwa amemkazia macho mtu aliyemtaja mmoja wa wanawe kwa ubaya, hasemi, anatazama tu, muda mrefu. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, tui la nazi likichemka nyuma yake. "Ndiye," akasema. Akaenda kuipua sufuria, akarudi na kigoda, na sauti tukaambiwa tuongeze.