Bukta ya baiskeli yenye sponji: dhana potofu na ukweli kwa safari ndefu

Dukani bukta huchaguliwa kwa kidole gumba. Mnunuzi anabonyeza sponji, inazama, anafurahi, analipa. Makalio yenyewe hayaulizwi mpaka saa ya nne barabarani, na hapo hakuna wa kumrudishia. Bukta hii ina kazi ya kuzuia ngozi isisuguliwe, kuondoa jasho, na kuutawanya uzito usikalie mifupa miwili ya makalio tu. Ulaini uko mkiani mwa orodha, ingawa ndio unaouza.

“Sponji nene na laini ndiyo ya safari ndefu”

Dhana hii ndiyo yenye madhara kuliko zote. Sponji laini ikikaliwa saa mbili tatu huwa bapa chini ya mifupa ya makalio, palepale ilipohitajika. Sehemu zisizobeba uzito hubaki na unene wao: zinajaa kati ya mapaja, zinakandamiza mishipa ya kinena, zinafyonza jasho na kushika joto. Ndiyo maana mtu anaweza kuvaa sponji nene kuliko zote na bado akashuka na ganzi.

Cha kutazama ni msongamano wa sponji, ambao watengenezaji huueleza kwa kilo kwa kila mita ya ujazo. Ya 40 hadi 60 inafaa mzunguko wa saa moja au mbili. Kwa siku nzima tafuta 80 au zaidi chini ya mifupa; zipo zinazofika 120. Lebo ikinyamaza, bana sehemu nene kati ya gumba na kidole cha shahada kwa nguvu zako zote. Vidole vikikaribia kukutana, iache. Sponji ya safari hukataa kama soli ya ndala.

Kisha pitisha kidole kwenye kingo. Sponji nzuri hupungua unene taratibu mpaka ilingane na kitambaa. Ukihisi ngazi pale inapoishia, paja nalo litaihisi, tena maelfu ya mara.

“Vaa chupi ndani, ndiyo usafi”

Hapana. Bukta hii huvaliwa juu ya ngozi tupu. Mishono ya chupi hupita kwenye kinena, njia ileile ya paja, na pamba ikishalowa jasho hailiachi. Piga hesabu: ukikanyaga pedeli mizunguko 80 kwa dakika, ni 4,800 kwa saa, na kwa siku ya saa sita karibu 29,000. Mshono ambao huuhisi ukitembea unakuwa msasa. Anayeona haya ya bukta ya kubana avae kaptura pana juu yake.

“Ikibana ni ndogo, chukua kubwa kidogo”

Ukubwa wa ziada ndio huifanya sponji itembee, na sponji inayotembea inasugua badala ya kukinga. Inatakiwa igande kwenye ngozi bila mkunjo wowote. Tatizo ni kwamba watu huijaribu wakiwa wamesimama mbele ya kioo, ambako hata bukta sahihi huhisi fupi mbele na ya ajabu nyuma. Imekatwa kwa ajili ya mtu aliyeinama.

Ijaribu hivi. Kaa ukingoni mwa kiti kigumu, inama kana kwamba umeshika usukani, kisha inua magoti kwa zamu mara ishirini. Ingiza mkono chini na uitafute mifupa miwili unayoikalia: kila mmoja uwe katikati ya sehemu nene, wala usiwe pembezoni. Simama utazame. Mistari myekundu iliyozama kwenye mapaja, au ganzi, ni dalili ya udogo. Mikunjo kwenye kinena, au sponji iliyohama, ni dalili ya ukubwa.

Mkao wako barabarani nao una neno. Anayeendesha akiwa wima hukalia mifupa ya nyuma, hivyo anahitaji unene nyuma. Anayeinama sana huhamishia uzito mbele, na sponji inayoishia nyuma haitamsaidia.

“Ya kiume na ya kike ni ileile”

Nyonga za wanawake kwa kawaida zina nafasi kubwa zaidi kati ya mifupa hiyo miwili, kwa hiyo sponji yao hupanuliwa nyuma, na nzuri haina mshono katikati. Ya kiume huwa ndefu mbele, mara nyingi na mfereji katikati. Kubadilishana ni kuikosesha mifupa kinga yake.

“Yenye jeli ni bora kuliko sponji”

Jeli haipitishi hewa, ni nzito, na huchelewesha kukauka. Kwa mzunguko mfupi haina ubaya. Kwa safari ya siku kadhaa ni mzigo tu.

“Mikanda ya mabegani ni ya washindani”

Mikanda huishikilia sponji mahali pake bila mpira wa kiunoni kukata tumbo lililoinama kutwa nzima. Kwa msafiri hiyo ni faida kubwa kuliko kwa mshindani wa saa mbili. Kasoro yake iko chooni: mara nyingi lazima uvue shati kwanza. Zipo zinazofunguka nyuma kwa zipu au kifungo, na wanawake hasa wazitafute hizo. Asiyetaka mikanda achague kiuno kipana na bapa, si kile chenye mpira mwembamba.

“Krimu ni lazima” na “krimu ni upuuzi”

Zamani ndani ya bukta kulishonwa ngozi laini ya mnyama, ambayo ikifuliwa ilikauka ikawa ngumu, na krimu ilitumika kuilainisha. Sponji za leo hazihitaji hilo. Krimu ya sasa ni ya ngozi yako: inapunguza msuguano. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai kinatosha, kwenye mikunjo ya kinena na pale makalio yanapogusa siti, kabla ya kuvaa. Mafuta ya mgando yanasaidia siku moja, lakini hung’ang’ania kwenye kitambaa na ni magumu kuyatoa. Krimu zenye mentholi huwaka vibaya sehemu nyeti, kwa hiyo zijaribu nyumbani kwanza.

“Bukta moja inatosha, siku mbili si kitu”

Jasho la jana, joto na msuguano ni mazingira bora ya bakteria kuingia kwenye vinyweleo. Vipele vya siku ya pili huwa majipu ya siku ya nne, na safari huishia hapo. Beba mbili, moja mwilini na moja ikikauka. Tatu kama ni msimu wa mvua.

Ukifika, ivue mara moja, usipike nayo wala kupiga soga. Igeuze nje ndani, ifue kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 30 na sabuni kidogo, isuuze mpaka povu liishe. Usiikamue kwa kuisokota, maana sponji hubanduka. Ikunje ndani ya taulo kavu, kanyaga juu yake kwa dakika moja, kisha uianike kivulini sponji ikitazama nje. Kilainishi cha nguo ni marufuku: huacha utando kwenye nyuzi, na jasho halipiti tena. Hapa ndipo sponji nene inapokuumbua mara ya pili, kwani asubuhi bado imelowa.

“Siti inaumiza, nunua bukta bora”

Ganzi ni suala la siti kwanza. Kidonda cha upande mmoja mara nyingi husema siti iko juu mno na nyonga zinayumba kufuata pedeli. Weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kushuka upande. Isipokuwa hivyo, shusha siti milimita 3 hadi 5, endesha, upime tena. Pua ya siti ikitazama juu, isawazishe. Na hata vyote vikiwa sawa, inuka juu ya pedeli sekunde chache kila dakika 10 au 15 ili damu ipite.

“Mpya kabisa ndiyo ya kuondokea safarini”

Ipe kwanza mizunguko miwili ya saa mbili hadi tatu, ikiwa na kufuliwa katikati. Mshono mbaya hujitokeza hapo. Na ile ya zamani, kabla ya kuifungasha, inyooshe mbele ya mwanga. Ukiuona mwanga kupitia kitambaa cha nyuma, au sponji haiinuki tena baada ya kubanwa, iache nyumbani.