Picha ya kweli, maelezo ya uongo: dhana potofu kuhusu picha za kushtua mtandaoni

Mwaka 1840, mwaka mmoja tu baada ya uvumbuzi wa kupiga picha kutangazwa rasmi mjini Paris, Mfaransa Hippolyte Bayard alitoa picha ya mtu aliyekufa maji. Mwanamume ameegemea, kifua wazi, shuka limemfunika kuanzia kiunoni, macho ameyafumba. Nyuma ya picha yako maandishi yanayosema kwamba marehemu ni Bayard mwenyewe, aliyejitosa majini baada ya serikali kumpa mshindani wake katika uvumbuzi huo, Daguerre, kila kitu na yeye kuachwa mikono mitupu, na maandishi hayo yanamtaka hata mtazamaji aangalie jinsi uso na mikono ilivyokwisha kuanza kuoza. Bayard alikuwa mzima, na aliishi hadi 1887. Picha yenyewe haikuchezewa. Uongo wote ulikaa katika maelezo yaliyoandikwa nyuma yake.

Nimeanza na picha hiyo kwa sababu inabeba jambo ambalo wengi wetu hulikosa hadi leo tunapopokea picha ya kushtua kwenye simu. Swali la kwanza ni kama picha inaonyesha kile kinachosemwa, mahali panaposemwa na siku inayosemwa. Swali la kama imetengenezwa au kuchezewa huja baadaye, na mara nyingi halihitajiki kabisa. Nyingi kati ya dhana zifuatazo, ambazo nimezisikia kwa watu wenye nia njema kabisa, zinatokana na kuanza na swali la pili.

Dhana: Picha ya uongo ni picha iliyochezewa

Picha nyingi zinazopotosha umma hazijaguswa hata kidogo. Zilipigwa na wapiga picha wa kweli na zinaonyesha msiba wa kweli, ila msiba huo ulitokea kwingine au ulitokea zamani. Mnamo Mei 2012, baada ya mauaji ya Houla nchini Syria, tovuti ya BBC iliweka picha ya mtoto akiruka juu ya safu ndefu za miili iliyofungwa vitambaa vyeupe. Mpiga picha Marco Di Lauro aliitambua kuwa ni yake: alikuwa ameipiga nchini Iraq mwaka 2003, na vitambaa vile vilikuwa vimefunga mabaki ya watu yaliyofukuliwa jangwani kusini mwa Baghdad. BBC iliiondoa. Mnamo Agosti 2019, msitu wa Amazon ulipokuwa ukiwaka, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alisambaza picha ya msitu unaoungua ambayo ilikuwa imepigwa na Loren McIntyre, mpiga picha aliyefariki dunia mwaka 2003. Moto wa 2019 ulikuwa wa kweli na wasiwasi wa rais ulikuwa na msingi, lakini aliyefariki 2003 hawezi kupiga picha ya moto wa 2019.

Hapo ndipo hujitokeza hoja ambayo sikubaliani nayo hata kidogo: kwamba hata kama picha si ya tukio hilo, mambo ya namna hiyo yanatendeka kweli, kwa hiyo hakuna madhara. Madhara yapo pande mbili. Wale waliofukuliwa Iraq walikuwa na majina na ndugu, na picha yao ilipopewa jina la Houla walinyang'anywa kisa chao. Na waliouawa Houla, ambao vifo vyao havikuhitaji kuongezewa chumvi, waliachiwa picha ambayo wauaji wao wangeweza kuionyesha na kusema kwamba habari nzima ni ya kubuni.

Matukio haya mawili yanatufundisha pia kwamba jina kubwa la mtumaji si ushahidi. BBC ina wahariri na rais ana washauri. Jina lao linatupa sababu ya kuisikiliza habari kwa makini, lakini halituelezi lolote kuhusu siku ambayo kamera ilifyatuliwa.

Dhana: Nikiitafuta picha nisiipate kwingine, basi ni mpya na ni ya kweli

Huduma za kutafuta kwa kutumia picha badala ya maneno zimekuwepo kwa muda: TinEye ilianza mwaka 2008, na Google ikaongeza uwezo huo mwaka 2011. Ni nyenzo bora kuliko zote alizonazo mtu wa kawaida, na ninamsihi kila mmoja ajifunze kuitumia, lakini ni lazima aelewe inachoweza kusema na isichoweza. Huduma hizi hulinganisha picha uliyoipandisha na zile ambazo zimekwisha kuzikuta kwenye kurasa zilizo wazi. Haziingii katika vikundi vya WhatsApp, haziingii katika akaunti zilizofungwa, na picha iliyowekwa saa moja iliyopita huenda bado hazijaifikia. Kwa hiyo kutopata kitu kunamaanisha tu kwamba hukupata kitu.

Kinyume chake, jibu la kupata lina nguvu kubwa. Ukiikuta picha ile ile kwenye ukurasa wa mwaka 2014, haiwezi kuwa ya mafuriko ya wiki iliyopita, hata aape nani. Hii ndiyo sababu TinEye huruhusu majibu yapangwe kuanzia la zamani zaidi, na huko kwenye la zamani ndiko kwa kuanzia, si kwenye lile linalotokea juu kabisa.

Tazama papa wa barabarani. Ndani ya gari, kupitia dirishani, mtu amepiga picha ya barabara iliyojaa maji, na kando ya gari anaogelea papa. Mwaka 2011, baada ya kimbunga Irene, ilisemwa kwamba ni Puerto Rico. Mwaka 2017, baada ya kimbunga Harvey, ikasemwa kwamba ni Houston. Na katikati ya miaka hiyo ilizuka tena kila maji yalipofurika mahali. Ukiikata picha hiyo ukabaki na papa peke yake, kisha ukaitafuta, utafika kwenye picha ya mpiga picha Thomas Peschak, aliyoipiga Afrika Kusini mwaka 2003, ya papa mweupe akifuata mtumbwi mdogo wa kayaki alimokaa mtafiti. Ziweke picha hizo mbili ubavuni: mkunjo wa mwili ni ule ule, pezi la mgongoni ni lile lile, na kinachokosekana ni kayaki tu.

Kilichofanya kazi hapo ni kule kukata. Anayetafuta picha nzima huipa mashine barabara, kioo cha gari na maji, nayo humrudishia barabara zenye maji. Kwa hiyo kata sehemu moja yenye sura ya pekee, iwe jengo, bango, mtu au gari, kisha utafute sehemu hiyo. Ukikwama, igeuze picha kushoto kulia, kwa maana wapotoshaji huigeuza makusudi ili isitambulike; maandishi yanayosomeka kinyumenyume kwenye kibao au kwenye shati mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kwamba picha imegeuzwa. Kama utafutaji wote umeshindikana, rudi kwenye picha yenyewe ukaihoji kama shahidi. Je, lugha ya mabango ndiyo inayosomwa mahali hapo? Magari yanaendeshwa upande gani wa barabara? Nguo za watu zinalingana na majira ya mwaka? Vivuli ni vifupi kama vya adhuhuri, ilhali maelezo yanasema ilikuwa alfajiri? Kisha tafuta pembe ya pili, kwa sababu mlipuko au ajali mbele ya umati haipigwi picha moja tu.

Dhana: Picha za akili mnemba hutambulika kwa kuhesabu vidole

Kuna wakati ushauri huo ulifaa. Programu za kuzalisha picha zilizoenea mwaka 2022 zilikuwa zikikosea mikono mara kwa mara, na anayezoea aliweza kuikamata picha kwa kidole cha sita. Kosa hilo limepungua sana, na anayeendelea kulitegemea anajipa uhakika asio nao. Tayari mnamo Machi 2023 picha ya Baba Mtakatifu Fransisko akiwa amevaa koti jeupe la baridi lililotuna iliwaingia watu wengi ulimwenguni, nayo ilizalishwa kwa programu ya Midjourney.

Mfano ninaoupa uzito zaidi ni wa tarehe 22 Mei 2023. Siku hiyo ilisambaa picha ya moshi mzito mweusi ukipanda karibu na Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na bei za hisa zikateremka kwa muda mfupi kabla ya kurejea. Ukiikaribia picha, uzio uliyeyuka na kuingia ndani ya vizuizi vya barabarani, jambo ambalo chuma hakiwezi kufanya. Lakini hata mtu asiyeuona uzio huo alikuwa na njia nyepesi zaidi ya kufikia ukweli. Jengo hilo limezungukwa na barabara zenye shughuli mchana kutwa, na bado hapakuwa na picha ya pili kutoka pembe nyingine wala shahidi aliyesimama hapo, na idara ya zimamoto ya Arlington, eneo lilipo jengo hilo, ilitangaza kwamba hakuna mlipuko wowote. Njia hiyo itaendelea kufaa hata siku ambayo mashine hazitakosea vidole wala uzio, kwa sababu haitegemei udhaifu wa mashine. Inategemea ukweli kwamba tukio kubwa huacha alama nyingi.

Zile programu zinazodai kutambua picha za akili mnemba nazo huhukumu picha halisi kuwa bandia na bandia kuwa halisi, hasa picha inapokuwa imepunguzwa ubora kwa kutumwa na kutumwa tena. Asilimia zinazotoa zichukuliwe kama dokezo tu.

Dhana: Taarifa zilizofichwa ndani ya faili zitasema yote

Kamera huandika ndani ya faili tarehe, saa, aina ya kifaa, na wakati mwingine mahali picha ilipopigwa. WhatsApp, Facebook na mitandao mingine mikubwa huziondoa taarifa hizo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, na picha ya skrini haikuwahi kuwa nazo. Tarehe yenyewe inaweza kubadilishwa, au kuwa mbovu kwa sababu tu saa ya kamera haikuwekwa sawa. Zinafaa iwapo umepokea faili asili kutoka kwa aliyepiga, na hilo ni nadra.

Dhana: Lisemwalo lipo, watu wote hawa hawawezi kukosea

Methali hiyo ilizaliwa palipokuwa na watu wanaofahamiana. Mtandaoni, watu elfu moja waliosambaza picha moja hawakuona mambo elfu moja. Waliona skrini moja. Watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science, walifuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, wakakuta kwamba habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa upya kuliko za kweli, na kwamba waliozibeba zaidi ni binadamu, wala si programu za kujiendesha. Habari za uongo zilikuwa ngeni zaidi masikioni, na ziliwaamshia watu mshangao na karaha. Kwa maneno mengine, ule mshtuko unaotufanya tubonyeze kitufe cha kutuma ndiyo nauli ya uongo.

Alama ya mishale miwili ambayo WhatsApp huiweka juu ya ujumbe uliopitia mikono mingi inapaswa kusomwa kwa mwanga huo. Haithibitishi umaarufu wa habari. Inaonya kwamba ujumbe umefika mbali na aliyeuanzisha. Na maneno “natuma kama nilivyopokea” hayamwondolei mtumaji dhamana, maana aliyepokea anaiamini picha kwa sababu imetoka kwake.

Dhana: Mwerevu ni yule anayekataa kila picha

Hii inanitia hofu kuliko zote. Mnamo Septemba 2022, kimbunga Ian kilipopiga Florida, ilisambaa video fupi ya samaki mkubwa mweusi mwenye pezi akichapa maji katika ua uliofurika mjini Fort Myers. Waliokwisha kumjua papa wa barabarani waliicheka. Shirika la habari la Associated Press halikucheka. Lilimtafuta aliyerekodi, likapata video asili, likakagua taarifa za faili, na likakuta kwamba imerekodiwa kweli asubuhi ya siku hiyo katika mji huo. Wataalamu hawakuwa na kauli moja kuhusu kama ni papa au samaki mwingine, lakini video ilikuwa ya kweli.

Kukataa bila kuchunguza ni uvivu ule ule wa kuamini bila kuchunguza, na wenye maovu ya kuficha wananufaika nao sana, kwa kuwa siku hizi mtuhumiwa aliyenaswa na kamera anaweza kusema tu kwamba picha imetengenezwa na akili mnemba. Asiye na hakika na aseme kwamba hana hakika, kisha aiache picha ikae kwenye simu yake.

Dhana: Nikishaifuta, nimemaliza

Kufuta kunaiondoa nakala yako. Nakala ambazo wengine wamekwisha kuzituma kwingine zinaendelea na safari, na waliokwisha kuiona picha wamebaki na walichokiona. Aliyegundua amesambaza picha isiyo sahihi arudi katika kikundi kile kile, kwa watu wale wale, na aandike waziwazi: picha niliyoituma jana si ya tukio nililolitaja, ilipigwa mahali fulani, mwaka fulani, na hapa ndipo nilipoithibitishia, tafadhali mliyoituma kwingine wafikishieni na huko.