Je, wajua kwa nini sabuni ya nyumbani huweza kuisha yote na mtaji usirudi?

Mtu anatengeneza sabuni ya mche, wateja wanaigombania, ikiisha hana hela ya kununua mafuta mengine. Bei ilionekana ya kutosha. Kilichovuja ni hesabu, na mara nyingi huanza kuvuja kwenye dumu la mafuta.

Mafuta tunayanunua kwa lita, ila sabuni tunaipima kwa gramu. Lita moja ya mafuta ya mimea ina uzito wa gramu 920 hivi. Kwa hiyo dumu la lita 20 lina kama kilo 18.4, na anayegawa bei yake kwa 20 akaita jibu hilo bei ya kilo amejipunja asilimia 8 kabla hajakoroga chochote.

Halafu kuna maji. Tuseme kilo moja ya mafuta imeingia gramu 140 za kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na gramu 280 za maji (huu ni mfano wa hesabu, si kipimo cha kuiga). Jumla ni gramu 1420, yaani vipande 12 vya gramu 118. Sabuni isiyopikwa huachwa wiki 4 hadi 6 ikauke, na kipande hicho chaweza kushuka hadi gramu 105 hivi. Uzito wa kuandika kwenye lebo ni huo wa mwisho, la sivyo unampunja mnunuzi.

Wala vipande vyote 12 haviuziki. Vipande viwili vya ncha za mche hutoka vimepinda, na kimoja kati ya hivyo lazima ukijaribu mwenyewe uone povu lake. Gharama yote ikiwa 600, kwa fedha yoyote unayotumia, ukigawa kwa 12 unapata 50. Ukigawa kwa 10 vinavyouzika, ni 60. Anayeuza kwa 55 akidhani anapata faida ya 5, kumbe anapoteza 5 kwa kila kipande.

Ndani ya hiyo 600 lazima uwemo ujira wako. Hapa ndipo wengi huona haya, eti kazi ni ya nyumbani. Kupima, kukoroga, kukata, kufunga na kusafisha vyombo ni saa za mtu, na siku ukimwajiri msaidizi atazidai. Ziandike tangu leo. Manukato nayo, hata yakiwa gramu 30 tu kwa kilo ya mafuta, huweza kugharimu kuliko kostiki yote. Karatasi za kufungia, lebo na glavu ni vidogo, lakini viingize.

Ukibadili mafuta kwa sababu ya bei, anza hesabu upya, hasa ya kostiki. Kilo ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 ili yote yageuke sabuni. Ya zeituni kama 135. Kutumia kipimo cha nazi kwenye zeituni ni kuunguza ngozi ya mteja.

Kama unataka kuuza kwa jumla, bei ya jumla ndiyo ianze kukulipa gharama na ujira, kisha ya rejareja iwe juu yake, maana mwenye duka naye anataka chake. Na kwa kuwa sabuni hukaa wiki kadhaa kabla ya kuuzwa, piga hesabu kwa bei ya dumu utakalonunua kesho, si lile lililokwisha.