Je, wajua kwa nini jahazi la Belitung lilishonwa kwa kamba?

Mwaka 1998 wapiga mbizi wa jongoo bahari walikuta rundo la vyombo vya udongo karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, kwenye kina cha mita 17 hivi. Yalikuwa mabaki ya jahazi la biashara la karne ya 9, urefu yapata mita 18, lililokuwa likitoka China na vyombo vipatavyo 60,000, vingi bakuli za mji wa Changsha. Bakuli moja ina tarehe ya mwaka 826. Mbao za jahazi zilishonwa kwa kamba, bila misumari.

Jibu la haraka ni kwamba waundaji walikosa chuma. Si kweli: wakati huo panga za chuma cha India zilisifika hadi Uarabuni. Kisa cha zamani nacho chadai kuna mlima wa sumaku baharini unaong'oa misumari. Mlima huo haupo. Na wanaoona mshono kuwa kazi hafifu hawajautazama mkeka: ukili ni mwembamba, lakini ukishonwa ukingo kwa ukingo, mkeka hukunjwa kila siku usiachane.

Msumari hushika nukta moja. Chombo kikigonga mchanga, nguvu yote hukusanyika hapo; kutu nayo hula mbao mpaka tundu linapanuka. Kamba hugawana mzigo, kama kitanda cha kamba kinavyougawanya uzito wa mlalaji. Fundi hutoboa matundu yanayoelekeana kwenye kingo za mbao mbili, huziba kiungo kwa nyuzi ndani na nje, kisha hupitisha kamba juu ya nyuzi na kuivuta kwa nguvu. Maji yakiingia, nyuzi hutaka kuvimba na kamba haziruhusu, hivyo kiungo hukaza zaidi. Mtepe, chombo cha zamani cha kushonwa cha pwani yetu ya Afrika Mashariki, ni wa ukoo huohuo, ila kamba za nje zilikatwa na matundu kuzibwa kwa vigingi.

Udhaifu ni uozo. Kamba ikilegea, kiungo hufunguka, maji ya ngama, yaani yanayokusanyika chini ndani ya chombo, huzidi, na chombo hupandishwa pwani kishonwe upya. Jahazi hili huenda lilishonwa upya safarini: mbao zake zimetambuliwa kuwa za jamii ya mbambakofi wa Afrika, lakini kamba zinaelekea kuwa za nyuzi za mti wa mtakawa, na nyuzi za kuzibia zikafanana na gome la mti wa Asia ya Kusini-Mashariki.

Mwaka 2010 jahazi lililoundwa Oman kwa mfano wake, nalo la kushonwa, lilisafiri kutoka Muscat hadi Singapore likafika.