Nani kaiita kfree? Kuwasha staki kwenye ftrace

Kifuatiliaji cha fanksheni cha ftrace (zana ya kufuatilia yanayotokea ndani ya kerneli), kilichomo kwenye kerneli ya Linux tangu toleo 2.6.27 la mwaka 2008, hutaja fanksheni iliyoitwa na iliyoiita tu: `kfree <-single_release`, yaani `kfree`, inayoachilia kumbukumbu, imeitwa na `single_release`. Mara nyingi hiyo haitoshi, maana `single_release` hutumiwa na faili chungu nzima za /proc. Unataka mlolongo mzima wa wito, yaani staki.

Chaguo lipo, `func_stack_trace`, ila mpangilio ndio kila kitu:

```
cd /sys/kernel/tracing
echo kfree > set_ftrace_filter
cat set_ftrace_filter
echo function > current_tracer
echo 1 > options/func_stack_trace
```

Usiruke ule mstari wa `cat`. Alama ya `>` hufuta chujio pale faili inapofunguliwa; ukikosea herufi ukaandika `kfre`, utapata "Invalid argument" na chujio kitabaki tupu. Chujio tupu kwa ftrace ni fanksheni zote. Ukiwasha staki hapo, kila wito wa fanksheni ndani ya kerneli utatembeza staki yake, na mashine inaweza kukwama hata kibodi isiitike. Wakati wa kuzima, rudi kinyumenyume: toa `func_stack_trace` kwanza, chujio mwisho.

Kwa fanksheni inayoitwa mno, mimi hupendelea hii:

```
echo 'kfree:stacktrace:5' > set_ftrace_filter
```

Itaandika staki mara tano kisha inyamaze, hata `current_tracer` ikiwa `nop`, yaani bila kifuatiliaji chochote. Kuiondoa: `echo '!kfree:stacktrace:0' > set_ftrace_filter`.

Matokeo husomwa toka juu kwenda chini, kila mstari ukianza na `=>`, aliyeita karibuni akitangulia. Fremu (mistari ya staki, mmoja kwa kila wito) za ftrace yenyewe hazionekani kwa sababu `kernel/trace/trace_functions.c` huziruka kwa hesabu ya `STACK_SKIP`: 2 kerneli ikitumia ORC (mojawapo ya njia zake za kutembeza staki), 3 isipotumia. Anayegusa msimbo huo ajue kwamba akipunguza hesabu ataona fremu za ftrace juu ya kila staki, na akiizidisha atammeza mwitaji halisi.

Ukiona pengo kwenye mlolongo, usikimbilie kulaumu ftrace. Fanksheni ambayo kompaila imeipachika ndani ya nyingine haina fremu. Nayo iliyomaliza kwa kurukia nyingine moja kwa moja haiachi anwani ya kurudi, hivyo kwenye staki ni kama haikupita kabisa.