Je, wajua kwa nini mpira mbovu wa rejeta huweza kupasua hedi ya pikapu?

Aliyewahi kupanda mlima kutoka Mombo kwenda Lushoto nyuma ya pikapu kuukuu iliyosheheni mzigo anaifahamu picha hii: gari limeegeshwa kwenye kona, boneti liko wazi, mvuke unafuka, na dereva amesimama kando na dumu la maji. Watu husema tu kwamba gari limechemsha, maji yanaongezwa, na safari inaendelea. Mara nyingi matengenezo ya gharama kubwa kuliko yote katika umri wa pikapu huanzia hapo, ingawa mwenye gari atakuja kuyatambua wiki kadhaa baadaye, gereji, mjini Tanga.

Maji yaliyo ndani ya injini hufanya kazi chini ya shinikizo. Maji ya sufuriani huchemka yakifika nyuzi 100 hapa mjini, kwenye usawa wa bahari, na Lushoto, ulioko takriban mita 1,400 juu, huchemka yakiwa karibu nyuzi 95. Kifuniko cha rejeta (kifaa kinachopoza maji ya injini), chenye springi na raba yake, huzuia shinikizo lisitoke mpaka lipite kiwango kilichowekwa, ambacho katika magari mengi ni karibu bar 0.9, na kwa sababu hiyo maji huweza kukaribia nyuzi 120 bila kuchemka. Raba hiyo ikikauka, au mpira wa rejeta, yaani bomba la raba linalopitisha maji kati ya rejeta na injini, ukipata ufa, shinikizo hutoweka, na maji yaliyokuwa salama kwenye nyuzi 105 hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke hauwezi kuchukua joto kutoka kwenye chuma kama maji yanavyoweza, kwa hiyo sehemu nyembamba za hedi (kile kipande cha juu cha injini kinachofunika silinda), hasa zile zilizo kati ya valvu, huungua kwa muda mfupi sana.

Chuma kikipata moto hutanuka. Aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha kalibu, na injini nyingi zina hedi ya aluminiamu iliyofungwa kwa bolti juu ya bloku, yaani mwili wa injini, ya chuma cha kalibu. Hedi inataka kutanuka, bolti zinaizuia, basi inapinda. Fundi huweka rula ya chuma juu ya uso wake na kupitisha chini yake vibati vyembamba vya kupimia. Nafasi ya sehemu ya kumi tu ya milimita inaweza kutosha kuifanya gasketi, kile kipande chembamba kinachokaa kati ya hedi na bloku, ishindwe kuziba. Hedi za chuma nazo hazisalimiki, kwani badala ya kupinda hupasuka. Lile dumu la maji baridi linalomiminwa injini ikiwa bado inaunguza ndilo mara nyingi humalizia ufa huo, na ninasikitika kila nikiona likimiminwa kwa haraka, kwa sababu nusu saa ya kusubiri ingeiokoa hedi nzima.

Kwetu pwani kuna mambo mawili yanayoongeza tatizo. La kwanza ni maji ya kisima. Ardhi yetu ina mawe mengi ya matumbawe, na maji yanayopita humo hubeba chokaa, ambayo huganda ndani ya mirija ya rejeta kama inavyoganda kwenye birika. Visima vilivyo karibu na bahari huongeza na chumvi, inayotoboa aluminiamu. La pili ni mazoea ya kung'oa temostati, valvu inayofunguka maji yakipata moto ili yapite kwenye rejeta, kwa imani kwamba injini itapoa zaidi. Katika injini nyingi, temostati inapofunguka huziba pia njia fupi ya maji, hivyo ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Kuhusu gharama, nitaeleza niliyolipa mwenyewe kwa pikapu ya dizeli niliyobebea machungwa kutoka Muheza. Mpira wa juu wa rejeta uliokuwa umevimba, ambao niliuahirisha kwa miezi miwili, ulikuwa shilingi 25,000. Ulipopasuka njiani, nililipia kushusha na kurudisha hedi, kuichonga, gasketi, oili mpya na kipoozi. Jumla ikafika shilingi 640,000, na hiyo ni kwa sababu hedi ilikuwa imepinda tu. Ingekuwa imepasuka, ningelazimika kutafuta ya mtumba Dar es Salaam, umbali wa kilomita 350 hivi, bila hakika kwamba hiyo nayo haikuwahi kuchemshwa.

Kwa hiyo anayetaka kununua pikapu ya zamani aifuate alfajiri, kabla haijawashwa, na aguse injini kuhakikisha kwamba ni baridi. Afungue kifuniko cha rejeta, kamwe asikifungue ikiwa ya moto, atazame kama maji yana utando wa mafuta, kisha avute kijiti cha oili: oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Injini iwashwe kifuniko kikiwa wazi. Viputo vikiendelea kupanda mfululizo baada ya dakika chache, kuna uwezekano mkubwa kwamba hewa ya moto kutoka kwenye silinda inapita kwenye gasketi iliyoungua, na bei ya gari hilo ijadiliwe pamoja na gharama ya kushusha hedi.